Mafuta Kwenye Ini: Ugonjwa wa Kuhesabu Kabla Haujaonekana

Ukisikia "mafuta kwenye ini" pengine unafikiri ni ugonjwa wa matajiri wa Kampala, siyo wa mtu wa Lobule au Rhino Camp anayengoja mgao. Hata sisi wa VHT kazi yetu kubwa ni kupima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi, kutafuta waliokonda. Kiuno cha mama au cha baba hakuna anayekiuliza. Lakini ugonjwa huu unatuhusu.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Linasafisha sumu na kutunza nguvu ya chakula. Sukari na wanga vikizidi kila siku kuliko mwili unavyotumia, ini hugeuza ziada kuwa mafuta na kuyaweka ndani yake. Hakuna maumivu. Unalima, unatembea hadi soko la Koboko, unajiona mzima. Kwa wengi mafuta hubaki hapo tu. Kwa wengine ini linaumia polepole, linapata makovu, na baada ya miaka mingi linakuwa gumu na tumbo linajaa maji, au inatokea saratani.

Je, wataalamu wanajuaje wagonjwa watakuwa wangapi mbele? Siyo uganga. Wanahesabu leo wangapi ni wanene, wangapi wana kisukari, wana umri gani, kisha wanapiga hesabu ya wangapi watafikia makovu mwaka hadi mwaka. Hesabu ya namna hiyo ilitolewa Marekani mwaka 2018. Walikadiria watu milioni 83 wenye mafuta kwenye ini mwaka 2015, na kama milioni 101 mwaka 2030. Ongezeko hilo ni kama mtu 1 juu ya kila watu 5. Lakini vifo vya ini kutokana na ugonjwa huo walikadiria vitakuwa karibu mara tatu! Sababu ni kwamba ini linachelewa. Walionenepa zamani ndio wanaofika wodini sasa. Wanaonenepa sasa watafika baadaye. Anayengoja kuhesabu wagonjwa vitandani amechelewa miaka mingi.

Huku kwetu mwanzo wake unaonekana. Mwaka 2006, kati ya wanawake 100 wa Uganda wenye miaka 15 hadi 49, kama 17 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2016 walikuwa 24. Nako Afrika kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria watu wazima milioni 24 wenye kisukari mwaka 2021, na milioni 55 mwaka 2045. Kijana wa leo, mwaka huo atakuwa mtu wa makamo.

Tena ini la West Nile lina mizigo mingine. Damu zilizokusanywa Uganda mwaka 2005 zilionyesha homa ya ini B kwa watu kama 10 kati ya 100 nchi nzima, lakini West Nile zaidi ya 18. Watoto wa Uganda walianza kuchanjwa 2002, na kampeni ya watu wazima ilianza 2015. Ongeza waragi na lotoko. Ongeza karanga zilizoota ukungu, ambazo sumu yake huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Mafuta yakija juu ya hayo, ini moja limebebeshwa magunia manne.

Usifikiri basi kwamba dawa ni kukaa njaa. Mtoto mwenye kwashiakoo, yule wa miguu kuvimba, naye ini lake hujaa mafuta; madaktari wa Mulago, akina Hugh Trowell, waliandika kitabu juu ya ugonjwa huo mwaka 1954. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mjukuu wa kwashiakoo na bibi wa kisukari, na wote wanakula kutoka sufuria moja: wanga mwingi, maharage kidogo. Siyo uvivu wala ulafi. Pesa ikiwa kidogo, mtu hununua kinachoshibisha haraka. Na tangu miaka ya "Slim", kama ukimwi ulivyoitwa hapa Uganda, kukonda kunatutisha sisi sote.

Jipime nyumbani. Chukua kamba ndefu sawa na urefu wako, ikunje katikati, izungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Isipokutana, kiuno kimezidi. Mjamzito na mtoto mdogo wasipimwe hivyo. Mtu mnene wa kilo 80 akipunguza kilo 6 hadi 8 taratibu, mafuta ya ini hupungua sana. Anza na soda na sukari ya chai, acha pombe, ongeza sombe na maharage unapoweza. Majani ya "kuosha ini" yanayouzwa sokoni usinywe, mengine huliumiza.

Kamba isipokutana, njoo kituoni na daftari lako la matibabu, uombe kupimwa sukari na shinikizo la damu. Kama hujawahi kupimwa homa ya ini B, pima. Usipokuwa nayo, uliza chanjo, ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Macho yakiwa ya njano, tumbo likivimba au ukitapika damu, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku.