Kilomita hewa: Saa ya mkononi inapomdanganya mfanyabiashara

ASUBUHI mama wa vitenge anapanda bodaboda kutoka makazi ya Nakivale. Barabara ya vumbi inamrusharusha, na kabla hajaingia Mbarara saa ya mkononi imeshamwandikia hatua ambazo miguu yake haikupiga. Mchana anasukuma toroli la mzigo sokoni hadi jasho linamtoka, lakini saa haiongezi kitu.

Kwa mfanyabiashara aliyeambiwa na daktari atembee kwa sababu ya presha au sukari, hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetegemea kilomita hewa ataridhika kumbe bado, na anayesukuma toroli kutwa atajilaumu bure.

Inahesabu mkono, si mguu

Ndani ya saa kuna kihisi kinachopima mtikisiko. Mkono ukiyumba kwa mpigo wa kutembea, hatua inaandikwa. Mkono ulioshika toroli, au robota la mitumba kichwani, hauyumbi, hivyo hatua zinapotea. Kutikiswa na pikipiki, au kukunja na kukunjua vitenge mbele ya wateja, kunaweza kuhesabiwa kama mwendo.

Saa ivaliwe mkono usiotumika sana, na mipangilio ieleze ni mkono upi. Wakati wa kusukuma toroli ihamishiwe mfukoni mwa suruali au ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Anayepanda bodaboda asome hesabu kabla ya kupanda na baada ya kushuka, kisha aondoe tofauti.

Kamba ya mita 10

Umbali una kasoro yake. Bila GPS, saa huzidisha idadi ya hatua kwa urefu wa hatua moja, ambao mara nyingi hukisiwa kutokana na kimo cha mvaaji.

Kamba iliyopimwa mita 10 kwa futi kamba ikilazwa mara 10, inapatikana njia ya mita 100. Mtu aitembee kwa mwendo wake wa kila siku, akihesabu kwa mdomo. Akipiga hatua 140, hatua yake ni sentimita 71. Aiandike kwenye mipangilio. Saa iliyokisia sentimita 80 ingesema hatua 10,000 ni kilomita 8, wakati ukweli ni 7.1.

Yenye GPS isubiriwe ipate setilaiti kabla ya kuondoka. Hufanya vizuri mahali pa wazi, lakini chini ya paa la soko au kati ya maghorofa huweza kupotea.

Anayevuka Mirama Hills kuingia Rwanda akumbuke kwamba saa hurudi nyuma saa moja. Siku hiyo ina saa 25, hivyo hesabu yake isilinganishwe na ya jana.

Hata lengo la hatua 10,000 halikutoka hospitali. Lilienea kutokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Kabla ya kumwonyesha daktari namba zake, mfanyabiashara atembee hatua 200 alizozihesabu mwenyewe, kisha aangalie saa imeandika ngapi.