Kazi nusu ofisini, nusu nyumbani: ni neema ya nani hapa Tensta?

Na Mwandishi Wetu, Stockholm

Tangu balaa la korona la mwaka 2020, waajiri wengi hapa Sweden wamezoea utaratibu ambao zamani ulikuwa wa wachache. Mfanyakazi anakwenda ofisini siku 2 au 3 kwa wiki, na siku zilizobaki anafanya kazi akiwa nyumbani kwake. Wataalamu wanauita mfumo wa mseto. Swali letu leo ni hili: mfumo huu una faida gani kwa mfanyakazi, na faida hiyo inamfikia nani katika sisi tunaokaa Tensta?

Kwa msomaji aliye nyumbani, Tensta ni mtaa wa magorofa ulioko kaskazini magharibi ya Stockholm. Ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mpango wa serikali wa kujenga nyumba milioni 1 kati ya mwaka 1965 na 1974. Treni ya chini ya ardhi ilifika mwaka 1975, na stesheni yake ilipambwa na msanii Helga Henschen, ambaye kazi yake hiyo aliiita ua la waridi kwa wahamiaji. Wahamiaji ndio sisi: Wasomali, Wakurdi, Wairaki, Waturuki, Waeritrea, na Waswahili wachache tuliotoka mwambao, Kongo na Burundi. Ng'ambo ya uwanda wa Järva iko Kista, mji wa makampuni ya kompyuta na simu. Kutoka mtaa huu mpaka ule ni mwendo wa miguu, lakini kwa upande wa kazi ni kama nchi mbili.

Tuanze na faida, maana zipo na hazina ubishi. Mwaka 2024 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa na profesa Nicholas Bloom wa chuo kikuu cha Stanford pamoja na wenzake, katika kampuni ya usafiri ya Trip.com mjini Shanghai. Wafanyakazi 1,612 waligawiwa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja liliendelea kwenda ofisini siku zote 5, na jingine liliruhusiwa kubaki nyumbani siku 2. Waliopewa ruhusa waliacha kazi kwa thuluthi moja pungufu kuliko wenzao, na utendaji wao haukushuka. Walionufaika zaidi walikuwa wanawake, wafanyakazi wasio mameneja, na wale wanaokaa mbali na ofisi.

Hayo msomaji hahitaji profesa kuyaelewa. Mama mwenye watoto wawili, asiyepanda treni siku mbili kwa wiki, hupata saa kadhaa ambazo zilikuwa zikipotea njiani. Anawahi kumchukua mtoto, anapika mapema, analala. Nauli inabaki mfukoni, na wakati wa baridi, jua linapotua kabla ya saa tisa alasiri, anaweza kutoka nje mchana akaliona.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Kazi ya mseto inataka kazi inayoweza kubebwa ndani ya kompyuta. Watu wetu wengi hapa wanafanya kazi zinazotaka mwili uwepo: kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao, kusafisha maofisi, kuendesha mabasi na teksi, kupika mikahawani. Wapo vijana wetu waliosoma hapa wakapata kazi za ofisi, nao wanaijua neema hii. Lakini anayesafisha ofisi hawezi kuisafisha akiwa sebuleni kwake. Na ofisi ikikaliwa siku 3 badala ya 5, yeye ndiye wa kwanza kupunguziwa saa. Kwa hiyo nafuu ya mmoja inaweza kuwa hasara ya mwingine aliyeko ngazi ya chini.

Tofauti hii tumeshaiona ikiua. Katikati ya Machi 2020, serikali ya afya ya hapa iliwashauri wanaoweza wafanye kazi nyumbani. Siku chache baadaye, chama cha madaktari Wasomali wa Sweden kilitangaza kwamba katika watu 15 wa mwanzo kufariki kwa korona mkoani Stockholm, 6 walikuwa wa asili ya Kisomali. Mitaa ya Tensta na Rinkeby ilikuwa katika iliyoumia zaidi mjini. Baadaye mwaka huohuo, takwimu za Idara ya Afya ya Umma zilionyesha kuwa madereva wa teksi na wa mabasi walikuwa na hatari ya kuambukizwa zaidi ya mara 4 ya wafanyakazi wengine. Zilikuwepo sababu nyingine, kama msongamano wa nyumba na habari kuchelewa kufika kwa lugha zetu. Lakini huwezi kumwambia dereva abaki nyumbani wakati basi lazima litoke.

Hata kwa aliyebahatika kuwa na kazi ya kompyuta, yapo ya kuangalia. Magorofa yetu yana familia kubwa katika vyumba vichache; meza ya kulia ndiyo meza ya kazi na ndiyo meza ya masomo ya watoto. Kisha kuna upweke. Katika jaribio la awali la profesa Bloom huko China, lililoanza mwaka 2010, wafanyakazi wa simu walikaa nyumbani siku 4 kati ya 5. Kazi yao iliongezeka kwa asilimia 13, lakini wengi walipopewa hiari walirudi ofisini kwa kuchoka kukaa peke yao, na nafasi yao ya kupandishwa cheo ilikuwa ndogo ukilinganisha na kazi waliyoifanya. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Mgeni mwenye jina la kigeni anahitaji kuonekana kazini kuliko mwenyeji. Kwa hiyo siku 2 nyumbani ni dawa, siku 5 huenda zikawa sumu.

Je, sheria inasemaje? Sweden haina sheria inayompa kila mtu haki ya kufanyia kazi nyumbani. Uamuzi ni wa mwajiri na mikataba ya vyama vya wafanyakazi. Lakini tangu Agosti 2022, kufuatia agizo la Umoja wa Ulaya, mzazi wa mtoto mdogo na mtu anayemhudumia jamaa yake mgonjwa wanaweza kuomba rasmi utaratibu nafuu wa kazi, na mwajiri akikataa anatakiwa aeleze sababu. Omba kwa maandishi. Jambo jingine: mtoto akiugua, usikubali kugeuza siku ile kuwa ya kazi ya nyumbani. Sheria inakupa mpaka siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto, ukilipwa fidia kutoka hifadhi ya jamii. Hiyo ni haki yako, usiiuze kwa kuona haya.

Kwa ndugu zetu walioko nyumbani, mfumo huu unategemea umeme na intaneti, na intaneti inategemea hiari ya wakubwa. Uganda iliizima Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Tanzania nayo iliizima kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, kwa siku kadhaa. Tunaotengeneza ukurasa huu hatujawahi kuwa na ofisi. Kila mmoja anaandika akiwa kwake, katika mji wake, na siku zile tulikaa tukipiga simu zisizopokelewa. Mtandao ukifungwa huko, anayefanyia kazi nyumbani hana ofisi ya kukimbilia.

Maoni yetu ni haya. Kinachomfaidisha mfanyakazi katika kazi ya mseto ni kuwa na sauti juu ya saa zake, na sauti hiyo inaweza kudaiwa hata na asiye na kompyuta. Wahudumu wa wazee wanazijua zamu za vipande: asubuhi saa chache, kisha pengo refu lisilolipwa, kisha jioni tena. Chama cha Kommunal kimezipinga kwa miaka mingi. Mwaka 2024 wauguzi wa chama cha Vårdförbundet waligoma wakidai saa za kazi zipunguzwe, na hakuna aliyewaambia kuwa kazi yao haifanyiki nyumbani. Ratiba inayojulikana mapema, zamu isiyokatwa na wikiendi za kupumzika ndiyo mseto wa mtu wa Tensta. Asiyejiunga na chama hawezi kuupata, na wengi wetu bado hatujajiunga.