Bao na Vita: Hesabu Isiyoonekana Mchezoni

Bao ni mchezo wa mbinu uliokita mizizi katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika baraza za Kariakoo, Dar es Salaam, huzungumzwa kama vita: kuna kushambulia, kula na kulinda nyumba. Je, mchezo huu unafanana na vita kwa kiasi gani?

Ubao una mashimo 32, na kila mchezaji ana kete 32. Katika hatua ya kwanza, yaani kunamua, huwa na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, ambazo huziingiza moja moja. Kamanda naye hana budi kuamua lini atumie askari wake wa akiba. Aidha, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezo huendelea. Hivyo kosa la kete moja laweza kugeuza mzunguko mzima. Kufanana kumo katika kupima akiba na kuona mbali.

Tofauti ni kubwa zaidi. Kwanza, baoni hakuna kilichofichika. Mjini Tanga, Novemba 1914, jeshi la Waingereza lipatalo watu 8,000 lilishindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu kama 1,000. Sababu mojawapo ilikuwa kutojua nguvu za adui. Pili, kete iliyoliwa haifi. Huhamia upande wa aliyeila, na jumla hubaki 64. Tatu, kete haihitaji chakula.

Jina la Kariakoo lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mathalani, mpagazi akibeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi humaliza kilo 20. Askari hubakiwa na kilo 5 tu. Ikiwa ni siku 13 kwenda, mzigo hautoshi hata kumlisha yeye mwenyewe. Ndiyo maana wapagazi walihitajika kwa wingi kuliko askari. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi.

Bao hunoa akili ya kuhesabu, lakini hesabu yake huishia ukingoni mwa ubao. Katika vita, wanaobeba mzigo mzito huwa nje ya ukingo huo.