Mti wa Nta wa Nchi ya Kolombia

Katika milima ya Andes, nchini Kolombia, umo mti wa ajabu ulio wa jamii moja na mnazi na mtende. Mnazi hupenda joto la pwani, bali huu humea penye baridi na ukungu, kiasi cha mita 2,000 hadi 3,000 juu ya bahari. Urefu wake waweza kufika mita 60, wala hakuna mwingine wa jamii hiyo uupitao. Msafiri Mjerumani Alexander von Humboldt aliiona miti ya namna hii alipovuka milima ya Quindío mwaka 1801, akastaajabu.

Shina lake limefunikwa na nta nyeupe. Zamani wenyeji waliikwangua nta hiyo, wakaichanganya na mafuta ya wanyama, wakafanya mishumaa. Kazi hiyo ilififia taa za umeme zilipoenea. Matunda yake walilishwa nguruwe na ng'ombe.

Desturi moja iliyouumiza sana mti huu ni ile ya Jumapili ya Mitende. Wakristo walitaka majani machanga yasiyofunguka bado, nayo hukatwa kileleni. Miti midogo ndiyo iliyofikiwa kwa urahisi, basi ikaharibiwa kabla ya kuzaa. Baadaye viongozi wa Kanisa huko waliwahimiza watu wachukue majani ya mimea mingine.

Yuko na kasuku mwenye masikio ya manjano, ambaye hutaga mayai katika mashina yaliyo wazi ndani. Alidhaniwa amekwisha kabisa Kolombia, hata mwaka 1999 wakaonekana 81 tu. Tangu hapo wameongezeka.

Mwaka 1985 ilitolewa sheria iliyoufanya kuwa mti wa taifa na kukataza usikatwe. Lakini shoka silo adui wa pekee. Msitu ukifyekwa uwe malisho, miti mikubwa huachwa imesimama, na wageni waendao bonde la Cocora huitazama kwa furaha, wakidhani mambo ni mema. Kumbe chini yake miche haiponi: jua huikausha, na ng'ombe huila. Ni kama kijiji cha wazee kisicho na mtoto. Ili mche upone, yapasa uzungushiwe ua na kuachiwa kivuli. Na hata hivyo hukaa miaka mingi kabla shina lake halijainuka juu ya ardhi.