Dirisha lipi linapokea unachoandika? Ufafanuzi kwa watumiaji wa kompyuta Musoma, Bunda na Butiama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mwananchi anayefuatilia matangazo ya Serikali amelizoea neno dirisha. Husikia kuwa dirisha la maombi ya ajira limefunguliwa, au kwamba dirisha la mikopo ya elimu ya juu linakaribia kufungwa. Lipo hata hivyo dirisha jingine ambalo halitangazwi, nalo ni lile lililo katika kioo cha kompyuta wakati fomu hiyo hiyo inapojazwa.

Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama asiye na kompyuta nyumbani hujaziwa fomu hizo steshenari. Mhudumu hufungua mfumo wa maombi upande mmoja wa kioo, barua pepe ya mwombaji upande wa pili, na cheti kilichoskaniwa nyuma yake. Mwombaji anapomsomea Namba ya Utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20, mhudumu huandika macho yakiwa kwenye kitambulisho. Akija kuinua uso, anakuta tarakimu 8 za mwanzo, yaani tarehe ya kuzaliwa, zimeingia kwenye fomu, na 12 zilizobaki zimemwagikia ndani ya barua pepe.

Kibodi haina kosa hapo. Kompyuta inaweza kuonyesha madirisha kumi kwa pamoja, lakini herufi zinazobonyezwa hupelekwa katika dirisha moja tu, ambalo huitwa dirisha amilifu. Ni sawa na hospitali yenye madirisha matano ya malipo huku mhasibu akiwa amekaa kwenye moja. Mengine yanaonekana, ila hayapokei fedha. Swali la msingi ni nani anayemhamisha mhasibu huyo: mtumiaji, kipanya, au programu yenyewe.

Katika mfumo endeshi wa Windows, utaratibu wa kawaida ni kubofya. Dirisha halipokei maandishi mpaka mtumiaji alibofye au alichague kwa kibodi. Mipangilio inaruhusu pia utaratibu mwingine, ambapo dirisha huwa amilifu kwa kupitishiwa mshale wa kipanya tu. Chaguo hilo limo katika Paneli ya Udhibiti, sehemu ya urahisi wa matumizi, kwenye ukurasa wa kurahisisha kipanya. Humfaa mtu ambaye kubofya mara kwa mara kunamchosha mkono. Kwenye meza ya kuhudumia wananchi, kwa maoni ya mwandishi, halifai: kiwiko kikigusa kipanya, mshale unahama na maandishi yanaufuata.

Afisa wa halmashauri anayesoma waraka mrefu huku akiandika taarifa katika dirisha la pili hahitaji chaguo hilo hata kidogo. Tangu Windows 10, gurudumu la kipanya huweza kusogeza ukurasa ulio chini ya mshale bila kuhamisha maandishi kutoka dirisha amilifu. Wengi wanalo tayari na hawajawahi kulitumia.

Jambo linalosumbua zaidi ni programu kujitokeza yenyewe mbele katikati ya sentensi. Windows ina kinga: programu haitakiwi kujisukuma mbele wakati mtumiaji angali anafanya kazi, na muda wa kinga hiyo uliowekwa tangu kiwandani ni milisekunde 200,000, yaani sekunde 200 tangu mtumiaji alipogusa kibodi au kipanya mara ya mwisho. Badala ya kujitokeza, programu humulikamulika katika upau wa chini. Muda huo umo katika rejista ya mfumo, na katika kompyuta za ofisi za umma ni busara ukaguswe na Afisa TEHAMA peke yake. Kinga nayo haizuii kila kitu. Dirisha ambalo mtumiaji mwenyewe alilianzisha kisha likachelewa kufunguka laweza kuja mbele baadaye, wakati yeye ameshaanza kuandika kwingine.

Wanaotumia Ubuntu wanaweza kuchagua kati ya kubofya na kufuata mshale kwa programu ya ziada iitwayo Tweaks. Mazingira ya KDE yamekwenda mbali zaidi, kwa kuwa yana viwango vitano vya kuzuia programu isipore dirisha amilifu, kuanzia kutozuia kabisa.

Hatari kubwa iko kwenye nywila. Ikiandikwa mahali pake huonekana kama nukta. Ikiingia kwenye dirisha la mazungumzo au la utafutaji husomeka wazi, mbele ya foleni nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na namba ya kitambulisho iliyotumwa kwa mtu asiyehusika ni taarifa iliyovuja, hata kama kilichosababisha ni kiwiko.

Kabla ya kuandika nywila au namba ndefu, mhudumu abofye ndani ya kisanduku husika, aandike tarakimu moja, ahakikishe imeonekana hapo, kisha aendelee. Nywila ikishatua pasipo pake na kitufe cha kuingiza kikabonyezwa, kuifuta hakutoshi, kwa sababu ujumbe umeshatumwa au sanduku la utafutaji limeshaihifadhi. Ibadilishwe papo hapo, kabla mwombaji hajaondoka dukani.