Asilimia 40 kwenye chupa ya wiski ina maana gani?

UKIITAZAMA chupa ya wiski dukani, utaona namba ndogo iliyopigwa chapa pembeni mwa kibandiko. Mara nyingi ni asilimia 40, wakati mwingine 43 au 46, na kwa nadra hufika 60.

Wanunuzi wengi huipita namba hiyo bila kuisoma. Macho yao huenda kwa bei, jina la kampuni na idadi ya miaka ambayo wiski hiyo ilihifadhiwa. Ilhali namba hiyo ndogo ndiyo inayomweleza mnywaji kiasi cha kileo anachoingiza mwilini.

Maana yake ni hii: katika kila mililita 100 za kinywaji hicho, mililita 40 ni alkoholi halisi. Sehemu iliyosalia ni maji, karibu yote. Kwa kawaida kipimo huzingatia kinywaji kikiwa na joto la nyuzi 20, kwa kuwa alkoholi hutanuka ipatapo joto.

Hesabu yake ni nyepesi. Toti moja ya mililita 30 yenye ukali wa asilimia 40 ina mililita 12 za alkoholi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Hivyo basi, aliyekunywa toti mbili amekwisha kumpita mwenzake aliyemaliza chupa nzima ya bia.

Ile chupa ndogo ya mililita 250 ambayo wengi huitia mfukoni ina mililita 100 za alkoholi, yaani takriban sawa na chupa tano za bia. Nayo chupa ya mililita 750 ina alkoholi inayozidi ya chupa 14 za bia.

Kuongeza barafu, maji au soda hakubadilishi hesabu hiyo. Ukali kwenye ulimi hupungua, lakini alkoholi iliyomo katika glasi ni ile ile.

Hata serikali ya Kenya imeanza kuhesabu kwa njia hiyo. Sheria ya kurekebisha kodi iliyopitishwa Desemba 2024 iliacha kutoza ushuru wa pombe kali kwa kila lita ya kinywaji. Badala yake iliweka Sh10 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Kwa kiwango hicho, chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40, ambayo ina sentilita 30 za alkoholi, ilitozwa Sh300.

Je, asilimia hiyo hupatikanaje? Nchini Scotland, shayiri iliyoloweshwa hadi ikaanza kuchipua hukaushwa, ikasagwa, ikachanganywa na maji ya moto na kisha kutiwa hamira. Baada ya siku chache hupatikana kinywaji chenye ukali unaokaribia ule wa bia kali.

Kinywaji hicho huchemshwa katika mitungi ya shaba. Alkoholi huchemka kabla ya maji, hivyo mvuke wake hutangulia kupanda, ukapoozwa na kuwa kioevu tena. Kazi hiyo hurudiwa mara mbili kwa kawaida, na kinachotoka mwishoni huwa na asilimia 70 hivi.

Kisha maji huongezwa hadi kufikia takriban asilimia 63.5, na kioevu hicho hutiwa katika mapipa ya mwaloni. Kanuni za mwaka 2009 zinataka wiski ya Scotland ikae humo kwa muda usiopungua miaka mitatu, na isiuzwe ikiwa chini ya asilimia 40. Marekani nayo hairuhusu wiski aina ya bourbon kutiwa pipani ikiwa imezidi asilimia 62.5.

Ikiwa pipani, sehemu ya kinywaji hupotea hewani kila mwaka kupitia mbao. Watengenezaji huliita hilo fungu la malaika, na Scotland hukadiriwa kuwa asilimia mbili kwa mwaka. Kwa sababu hewa ya huko ni baridi na yenye unyevu, alkoholi hutoweka kwa kasi kuliko maji, na ukali hushuka. Katika maghala yenye joto ya Kentucky, Marekani, mara nyingi maji ndiyo hutangulia kutoweka, na ukali hupanda.

Kwa hivyo si kweli kwamba wiski ya miaka mingi ni kali kuliko ile changa. Kabla ya kutiwa chupani, wiski nyingi huongezwa maji hadi kufikia ukali anaoutaka mtengenezaji. Ya miaka 12 na ya miaka 18 zinaweza kuwa na asilimia 40 zote mbili. Zile zisizoongezwa maji ndizo huuzwa zikiwa na asilimia 50 hadi 60 na zaidi.

Kuna pia neno lingine linalowatatiza wasomaji wa vibandiko, nalo ni 'Proof', lenye maana ya thibitisho. Inasimuliwa kwamba zamani huko Uingereza pombe ilimwagiwa baruti, kisha ikawashwa moto. Baruti ikishika moto, pombe ilikuwa imethibitishwa kuwa kali. Ikikataa, ilikuwa na maji mengi.

Baadaye Waingereza walitumia kifaa kinachoelea ndani ya kioevu. Kadiri alkoholi inavyozidi, ndivyo kifaa kinavyozama zaidi. Kwa kipimo chao, digrii 100 zililingana na asilimia 57 hivi. Wamarekani waliamua kwamba 100 ni sawa na asilimia 50. Ndiyo maana wiski ya asilimia 40 iliandikwa 70 Uingereza na 80 Marekani. Waingereza waliacha kipimo chao mwaka 1980 na kutumia asilimia. Ukiona 'Proof' kwenye chupa ya Marekani, gawanya kwa mbili.

Jaribio la moto halijatoweka. Wapo wanywaji wa chang'aa wanaowasha kiberiti ili kuona kama kinywaji ni 'safi'. Hapa ndipo penye hatari. Methanoli, ile kemikali inayopofusha na kuua, huwaka pia. Uzito wake unakaribiana sana na ule wa alkoholi ya kawaida, hivyo hata kile kifaa kinachoelea hakiwezi kuitambua. Ni uchunguzi wa maabara tu unaoweza kuzitenganisha.

Wakenya wanaukumbuka msiba wa Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona.

Asilimia iliyo kwenye chupa, basi, hueleza wingi wa kileo tu. Haisemi kama wiski ni nzuri, wala haithibitishi kwamba chupa si bandia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mnywaji asiyesoma namba hiyo hawezi kujua amekunywa kiasi gani, na anayeamua kushika usukani baada ya 'toti mbili tatu tu' huenda amekunywa zaidi ya bia moja na nusu bila kujua.