Jack Russell Anataka Kazi, Si Mbio Tu

Anachimba bustani, anabweka mfululizo, na akiitwa hageuki. Hayo ndiyo malalamiko ya karibu kila anayefuga Jack Russell, na baada yake huja swali lilelile: nimkimbize kiasi gani ili atulie? Mbwa huyu hakuzalishwa ili akimbie tu. Alizalishwa ili aingie ardhini, na tabia hizo tatu zinazowaudhi watu ndizo zilizomfanya awe mfanyakazi hodari.

Kazi yenyewe ilikuwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika karne ya 19. Kasisi John Russell wa Swimbridge, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883, alikuwa mpenzi mkubwa wa kuwinda mbweha. Akiwa bado mwanafunzi Oxford alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe aliyeitwa Trump, na huyo ndiye anayetajwa kuwa chimbuko la ukoo huu. Mbwa wakubwa wa mawindo walimkimbiza mbweha mpaka akajificha shimoni, nao wasingeweza kumfuata humo. Hapo ndipo teria, yaani mbwa huyu mdogo, alipoachiwa. Kifua chake kilipaswa kuwa chembamba kiasi cha kuzungukwa na viganja viwili vya mtu mzima, yaani kama sentimita 35 hivi. Alimfuata mbweha gizani na kumbwekea bila kukoma hadi atoke. Asipotoka, sauti iliwaonyesha watu waliokuwa juu mahali pa kuchimba. Russell hakutaka mbwa wa kuua mbweha, alitaka wa kumtoa nje. Na kule chini hapakuwa na bwana wa kutoa amri. Mbwa aliamua mwenyewe asonge, arudi nyuma au achimbe. Aliyesubiri kuambiwa hakufaa, hakuzalishwa tena.

Ukiyafahamu hayo, utaona kwa nini kumtupia mpira mara mia hakusaidii. Uwindaji wa mbwa una hatua zake: kunusa, kutafuta, kukodoa macho, kunyatia, kufukuza, kukamata, kutikisa na kurarua. Mbwa wa kuchunga kondoo amebaki na nguvu nyingi katika kukodoa macho na kunyatia. Teria nguvu yake iko kwenye kutafuta, kuchimba, kukamata na kutikisa. Mpira humpa hatua ya kufukuza tena na tena, damu inachemka, viungo vinaumia kwa kusimama ghafla, lakini ile haja ya kutafuta na kuchimba inabaki palepale. Mbio za kila siku zikiwa peke yake humjenga mwanariadha: baada ya miezi michache anataka mbio ndefu zaidi, na bustani bado anaichimba.

Waliompenda mbwa huyu nje ya uwindaji wamelitambua hilo. Marekani kuna majaribio ya teria ambapo handaki la mbao hufukiwa ardhini, upana na kimo chake kama sentimita 23, urefu kama mita 9 na kona kadhaa, na mwisho wake wamo panya ndani ya kizimba wasimoweza kudhurika. Mbwa hupimwa kama atafika upesi na kuendelea kufanya kazi kwa sekunde 60: abweke, akwaruze, ajaribu kuchimba. Uko pia mchezo wa kutafuta panya aliyewekwa katika bomba lenye matundu ya hewa na kufichwa kati ya marobota ya majani makavu. Huko Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuwinda wanyamapori kwa mbwa, ikaacha nafasi finyu tu ya teria kufanya kazi chini ya ardhi. Jack Russell wengi wa leo hawajawahi kuona mbweha, na wanaishi vizuri kabisa.

Anayefuga mbwa huyu Nairobi au Dar es Salaam hahitaji handaki. Mimi ningeanza na pua. Panga maboksi matano sakafuni, weka kipande cha nyama katika moja, mwache atafute bila kumwonyesha kwa kidole. Akishaelewa mchezo, tia karafuu chache kavu katika kopo dogo lililotobolewa, uliweke pamoja na nyama. Baada ya siku kadhaa ficha kopo peke yake, na akilipata mpe nyama palepale kwenye kopo. Karafuu sikuichagua kwa bahati. Ni mojawapo ya harufu zinazotumika katika mashindano ya kunusa Marekani, na jikoni kwetu haikosekani. Hakikisha tu mbwa hazimezi, wala usitumie mafuta yake makali. Kisha hamia uani, ficha kopo chini ya ndoo, nyuma ya tofali, upande upepo unakotoka, halafu upande wa pili. Mbwa anayetafuta huvuta hewa mara kadhaa kwa sekunde huku akipima na kuchagua, na dakika 15 za kazi hiyo zinaweza kumtuliza kuliko saa nzima ya mpira.

Kuchimba usikukataze, kupangie mahali. Tenga kona yenye kivuli, jaza mchanga, uloweshe kidogo, fukia kamba au mfupa mgumu wa kuchezea. Kwa kukamata na kutikisa, funga kitambaa kwenye kamba na kamba kwenye fimbo, ukikokote chini. Mwache akikamate kweli, akitikise, halafu umfundishe neno “acha” kwa kumbadilishia na kipande cha nyama. Asipokamata kamwe atajaa hasira.

Wapo wanaomwachia awinde panya halisi wa ghalani. Uwezo anao, lakini mimi nasema hapana pale ambapo jirani yeyote anatega sumu, kwa kuwa panya aliyekula sumu humdhuru mbwa aliyemla. Panya pia hueneza leptospirosisi, ule ugonjwa uliozuka Lindi mwaka 2022 ukaitwa homa ya mgunda. Mbwa anaweza kuupata na kuupitisha kwa watu kupitia mkojo. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake, na ya kichaa cha mbwa usiikose hata mwaka mmoja.

Mashindano ya kuruka vizuizi anayamudu sana, ila asirushwe juu kabla ya kupita mwaka mmoja na mifupa kukomaa. Akianza kuchechemea au kuinua mguu wa nyuma kwa hatua chache, apimwe: kilegesambwa cha goti kuhama mahali pake ni tatizo linalojulikana kwa mbwa wadogo. Na jua la mchana liheshimiwe. Teria hajui kusimama mwenyewe akiwa kazini, kwa hiyo wewe ndiwe wa kusimamisha kazi; ifanyike asubuhi kabla ya joto na jioni baada yake.

Kwa anayefikiria kumnunua kwa sababu ni mdogo na anakaa vizuri mapajani: kama nyumbani hakuna mtu wa kumpa kazi kila siku, chagua mbwa mwingine.